Anayebisha Hodi Kwenye Skrini

Ninyi vijana mnaosomea kompyuta hapa Garissa, mlinialika darasani niwasimulie historia, nami nikawaambia historia ni ya watu waliokwisha kufa, mimi bado najipikia chai. Mkacheka, nikacheka, tukaagana. Lakini kuna swali aliloniuliza binti mmoja aliyekaa karibu na mlango, na sikulijibu vizuri kwa sababu adhana ilikuwa imekaribia. Aliniita ayeeyo, yaani bibi, akasema, "Ayeeyo, kama programu ya kuandikia inakaa kwenye mashine moja, na mimi niko mezani kwenye mashine nyingine, hiyo programu inajuaje pa kunionyesha maandishi yangu?" Wenzake walimwona mshamba. Hakuwa mshamba. Swali hilo lilinilisha mimi miaka mingi, na kuna siku lilimlisha mama yangu.

Katika miaka ya tisini nilikuwa karani wa kompyuta katika mradi wa afya ya mifugo. Jina la mradi halina faida tena. Hata bango lake lilishachukuliwa likawa paa la kibanda cha miraa, na huko nadhani linafanya kazi zaidi kuliko lilivyofanya kwetu. Chumba cha nyuma, chenye feni na pazia zito la kuzuia vumbi, ndicho kilichokuwa na mashine kubwa tuliyoiita Tana. Mezani kwetu kulikuwa na mashine ndogo, kila moja na skrini yake. Ya daktari wa mifugo iliitwa Ngamia, yangu Twiga, na ya Bare, mtunza stoo, iliitwa Punda. Bare hakulisamehe jina hilo mpaka mradi unafungwa.

Aliyetoa majina hayo ni Dekow, fundi mkuu. Mimi nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima ya umri wake, naye kwa desturi yetu Wasomali alinirudishia neno hilo hilo, adeer. Alisomea mitambo Nairobi, akahudumia redio za mawasiliano huko mipakani kabla ya kuletwa kwenye kompyuta, na alikuwa na tabia moja ya kuudhi: palipohitaji jibu yeye aliweka swali. Unamwambia, "Adeer, imekwama." Anakuuliza, kwa ule ulimi wetu unaogeuza p kuwa b, "Imekwama wabi?" Unatafuta ilipokwama, na ukishapaona huna haja naye tena. Nilimkasirikia karibu kila siku, na sijapata kumheshimu mtu wa kazi kama nilivyomheshimu yeye.

Sasa, binti yangu, sikiliza mpangilio wake. Programu yetu ya kuandikia ilikuwa nzito. Kama kila mtu angeiwasha ya kwake asubuhi, Tana ingehema kama ng'ombe wa kiangazi cha Agosti. Kwa hiyo Dekow aliwasha moja tu, ndani ya Tana, ikakaa macho siku nzima. Hiyo tuliiita mwandishi. Mezani kwetu tulikuwa na programu nyingine ndogo sana ambayo tuliiita mjumbe. Mjumbe haandiki. Hana dirisha lake, hana kumbukumbu, hajui hata herufi. Kazi yake ni kukimbia hadi Tana na kusema, "Zeinab anataka maandishi fulani, na skrini yake inaitwa Twiga." Akishasema hayo, kazi yake imekwisha. Mwandishi mwenyewe ndiye anayetoka Tana kupitia waya, anafika kwenye skrini iliyotajwa, anabisha hodi, na akikubaliwa anachora dirisha na kuyaweka maandishi yako humo. Wewe ukibonyeza herufi pale mezani, herufi inakimbia mpaka Tana, inaandikwa huko, kisha sura yake inarudi kwako. Yote hayo kabla hujainua kidole.

Wiki yangu ya kwanza sikuyajua hayo. Mjumbe wangu nilikuwa nimempa anwani fupi yenye maana ya "skrini ya hapa", nikidhani anaelewa hapa ni kwangu. Kumbe akifika Tana na kusema hapa, Tana inaelewa hapa ni Tana. Nikatuma, sioni kitu. Nikatuma tena. Nikafikiri nimekosea kubonyeza, nikatuma kwa nguvu. Baadaye Dekow akatokea chumba cha nyuma na kikombe cha chai mkononi, akasimama nyuma yangu.

"Adeer," akasema, "hii madirisha yote kule ndani ni ya nani? Mimi nilibata moja, nikafunga, ingine inakuja. Nafunga, ingine inakuja."

Nikasema labda ni ya Bare.

"Bare ako soko," akasema. "Wewe ukituma mtu alete kitu nyumbani, unamwambia nyumba ya nani?"

Nikataja jina la baba yangu. Akaenda zake na chai yake. Nilikaa pale nikiwa nimeudhika, kisha nikafuta "hapa", nikaandika Twiga, na dirisha likafunguka mbele yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kumtuma mtu, hata mjukuu wangu dukani, bila kumpa jina kamili la mahali.

Msidhani adui wetu mkubwa alikuwa ugumu wa mashine. Adui wetu mkubwa alikuwa mbuzi. Waya wetu ulikuwa mmoja, ukizunguka kutoka chumba hadi chumba kwa nje, chini ya dirisha, na wakati ule ukikatika sehemu moja ofisi nzima inakatika. Mbuzi wa jirani aliuonja, akaupenda. Asubuhi moja tulifungua mashine zote, tukazifunga, tukalaumu umeme, tukalaumu Nairobi, mpaka Dekow akatoka nje na kumkuta amesimama anatafuna mawasiliano yetu taratibu. Waya ukapandishwa juu ya kenchi. Nawaambia hili ili mkumbuke: kabla hujafungua programu, tembea na waya kwa macho yako mwanzo mpaka mwisho.

Basi tuje kwenye kosa ambalo nadhani lingefanywa na sisi tu. Kila skrini ilikuwa na mlango, na mwenye skrini ndiye anayesema nani aruhusiwe kuchora humo. Kulikuwa na amri moja fupi ya kuufungua mlango kwa yeyote, atokee kokote. Sisi wote tuliipenda amri hiyo. Jamani, sisi ni watu ambao mgeni akifika bomani anapewa maziwa kwanza, halafu ndipo anaulizwa habari za alikotoka. Kumwekea mtu orodha ya wanaoruhusiwa kuingia tuliona ni aibu. Hata Dekow aliiacha hivyo mwanzoni, kwa kuwa yeye naye alilelewa kwa maziwa hayo hayo.

Siku moja Daktari Mutua alikuwa anaandika taarifa ya ngamia wagonjwa. Daktari huyu ni mtu wa Kitui, mpole, anaandika huku anatazama vidole. Bare, ambaye aliwahi kuazima meza ya daktari, alikuwa hajabadilisha anwani, na mjumbe wake bado alitaja Ngamia. Alipoomba maandishi ya stoo, dirisha lake likafunguka juu ya dirisha la daktari, na daktari, macho yakiwa kwenye vidole, akaendelea. Mwisho wa siku stoo yetu ilikuwa na madumu, turubai, kamba, na ini lililovimba upande wa kulia.

Tulicheka mpaka Bare akakaa chini. Dekow hakucheka. Jioni ile aliifunga milango yote. Kuanzia siku hiyo kila skrini ilitajiwa jina la mashine inayoruhusiwa kubisha, na nyingine zote zikarudishwa. Bare alinung'unika wiki nzima. "Dekow amekuwa bakhili mbaka wa kioo," alisema. Dekow akamjibu, "Mgeni anakaribishwa. Lakini ajulikane." Kila asubuhi baada ya hapo nilimwona akipita meza hadi meza, anainama, anabonyeza vitu viwili vitatu, anasalimia, anaendelea. Nilidhani anatusalimia tu.

Ile siku niliyoitaja mwanzoni ilikuwa baada ya ukame mbaya. Mama yangu alikuwa amepoteza ng'ombe wote, akabaki na mbuzi, na mbuzi hao ndio waliokuwa maziwa yake, nyama yake na heshima yake. Alikuwa amehamia upande wa Modogashe. Kituo chetu cha huko kilikuwa na redio, na kijana wa kituo alinifikishia salamu za mama: yuko salama, kesho anapeleka mbuzi kisima cha El Geri, wenyeji wanasema maji yake ni mengi.

Siku hiyo hiyo homa ya mapafu ya mbuzi ilikuwa inasambaa. Ugonjwa huu hauhitaji zaidi ya mbuzi mmoja kukohoa penye maji. Ukiingia zizini leo, baada ya muda mfupi unasikia kukohoa kila kona, halafu unasikia kimya. Daktari Mutua alikaa kwenye redio tangu asubuhi, kipaza sauti cha redio upande mmoja na kibodi upande wa pili, akipokea habari kutoka Liboi, Banissa na Modogashe. Wafugaji walioleta habari walisema kisima hiki kina wagonjwa, kile hakina, kisha wakaondoka na mifugo yao. Kila walichosema alikiandika moja kwa moja. Tangazo lilitakiwa lifike vituoni kabla ya sala ya alasiri, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukusanyika msikitini, na alfajiri yake wengi wangeanza safari ya kisimani.

Adhuhuri umeme ukakatika, kisha ukarudi kwa kishindo. Tana ilikuwa kwenye betri, haikushtuka. Twiga ilizimika ikawaka tena. Ngamia ilitoa harufu ya waya uliochomeka na haikuwaka kamwe. Punda ilikuwa imefungiwa stoo, na Bare alikuwa barabarani na lori na funguo. Dekow alikuwa Liboi, anatengeneza redio.

Daktari alitazama kile kioo cheusi muda mrefu. "Yote imeenda, Zeinab," akasema.

"Kwani hukuhifadhi?"

"Mimi huhifadhi nikimaliza."

Siku hizi programu zinajihifadhi zenyewe, mnazaliwa mmedekezwa. Ya kwetu Dekow alikuwa ameizimia jambo hilo, kwa kuwa diski ya Tana ilikuwa ndogo na ilijaa upesi. Nikamuuliza daktari kama anaweza kuandika upya kwa kukumbuka. Akasema anakumbuka visima vingi, lakini hana hakika kipi ni kipi. "Na nikikosea," akasema, "nitawatoa watu kwa maji safi niwapeleke kwa ugonjwa. Afadhali ninyamaze." Nikamuuliza habari za El Geri. Akafunga macho. Akasema ilitajwa, lakini kama ilitajwa kwa mema au kwa mabaya hawezi kuapa.

Daktari akainuka. Alisema anaenda kuizima Tana na kuiwasha upya, labda itakumbuka. Nikatangulia, nikasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono nimeshika fremu.

"Daktari, haijaenda," nikamwambia. "Dirisha ndilo limeenda. Mwandishi yuko humu ndani na maneno yako yote. Ukimzima, hapo ndipo umemuua."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nikasema ninayo. Mtasema tungeweza kujionea wenyewe kwa kutazama skrini ya Tana. Lakini skrini ya Tana yenyewe ilikuwa imekufa siku nyingi kwa vumbi na joto, na mpya tulikuwa tunaahidiwa tu. Mwandishi alikuwa hai, hana uso.

Uso uliobaki ulikuwa wangu. Nikakaa kwenye Twiga, nikamtuma mjumbe akaombe maandishi ya daktari yaletwe kwangu. Jibu likaja kwa haraka: mwandishi anasema hawezi kuifungua skrini ya Twiga. Nikatuma tena, jina kamili. Jibu lile lile. Nikajaribu kufungua kitu kingine, programu ya saa, ikafunguka bila shida na mishale yake ikizunguka. Mlango haujafungwa, nikajiambia, saa imeingia. Nikaenda kwenye redio.

"Liboi, Liboi, hapa Garissa. Adeer, wanisikia? Ova."

"Nakusikia, adeer. Sema. Ova."

Nikamweleza yote.

"Mjumbe anafika Tana? Ova."

"Anafika, na anajibiwa. Lakini mwandishi anasema Twiga haifunguki. Na saa inafunguka, adeer. Ova."

"Hiyo saa inaishi wabi? Ova."

"Inaishi hapa hapa kwenye Twiga. Ova."

Redio ikavuma. Nilidhani tumempoteza. Daktari alikuwa ameshika kichwa.

"Sawa," akasema Dekow. "Hiyo saa ni mtoto wa nyumba. Mtoto wa nyumba habishi hodi. Sasa niambie, huyo anabisha saa hii anatoka wabi? Na nani asubuhi ya leo aliambia Twiga jina lake? Ova."

Hakuna aliyeiambia. Hapo nikaelewa alichokuwa anafanya kila asubuhi akiinama mezani kwangu. Skrini ikizimika na kuwaka husahau wageni wote iliowahi kuwaruhusu, inamkumbuka mwenye nyumba tu. Dekow alikuwa anaikumbusha kila siku, na leo hakuwepo; Ngamia ilimfungulia daktari asubuhi kwa kuwa ililala inawaka tangu jana. Mimi nilikuwa namtazama mjumbe, ambaye ni wa kwangu na anatoka kwangu, nikadhani akipita yeye mambo yamepita. Lakini mjumbe si mgeni. Mgeni ni yule anayekuja baada ya mjumbe, naye alitoka Tana, na Tana haikuwa na ruhusa.

"Adeer, nimeona. Ova," nikasema.

"Haye, sawa. Ikifunguka, hifadhi kwanza. Kusoma baadaye. Ova."

Nikarudi mezani, nikaiambia Twiga: Tana iruhusiwe. Ni neno moja na jina moja. Nikamtuma mjumbe. Skrini ikatulia, kisha dirisha likaanza kuchorwa kutoka juu, mstari kwa mstari, jinsi zilivyokuwa mashine za wakati ule, na maneno ya daktari yakashuka mbele yetu kama alivyoyaacha. Nikahifadhi. Nikahifadhi tena. Ndipo nikasoma. Chini kabisa sentensi ilikuwa imekatika njiani, na kialama cha kuandikia kinawaka na kuzima pale pale umeme ulipomkuta: "Mbuzi wasipelekwe kabisa El Geri, waliokaribia huko warudishwe, wote waelekee"

Nilimpisha daktari kiti changu. Aliandika, "El Libah, ambako chanjo itatolewa," akaweka nukta.

Tulilisoma tangazo redioni muda mfupi kabla ya alasiri, yeye kwa Kiswahili na mimi kwa Kisomali. Kijana wa Modogashe alilirudia neno kwa neno. Nilipofika kwenye El Geri nililitaja polepole, kisha nikalitaja tena, ingawa utaratibu wa redio haukuruhusu.

Nimezeeka na nimeona mashine zikipungua ukubwa mpaka zikaingia mfukoni mwenu. Lakini hakuna ninachokistaajabia kama mpangilio ule. Mtu fulani, mbali na hapa, aliketi akafikiri kwamba anayekumbuka si lazima awe anayeonyesha. Akamweka wa kukumbuka mahali salama, na uso akauacha uwe wa kubadilishwa, ukifa huu unaletwa mwingine. Na Dekow, hapa kwetu kwenye vumbi, akauelewa mpango huo vizuri kiasi cha kuutunza kila asubuhi bila kujisifu. Nikiwasikia mnasema "haifanyi kazi, zima uwashe", moyo unaniuma. Ulizeni kwanza ni nani amekufa. Mara nyingi ni dirisha tu.

Mama alikuja Garissa baada ya mvua. Kwenda El Geri alikuwa ameshaanza. Aliamua kutosubiri kesho, akaswaga mbuzi mchana ule ule, na mtu aliyetoka msikitini Modogashe alimkimbilia njiani na habari. Shemeji yake, aliyekuwa mbele, hakufikiwa. Kwa shemeji hakubaki hata mbuzi wa kukamua. Mama alimpelekea baadhi ya mbuzi wake wenye maziwa akae nao mpaka atakapojiweza, kama inavyofanywa kwetu.

Alikuja ofisini akakataa kiti. Alitaka aonyeshwe maneno yale. Dekow, aliyekuwa amesharudi, akamtuma mjumbe kwa heshima zote, na tangazo likafunguka kwenye Twiga. Akamsomea kwa Kisomali, taratibu, kama anamsomea mtu mkubwa barua yake. Mama hakujua kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aonyeshwe ni wapi hasa pameandikwa El Geri. Nikaushika mkono wake nikauweka pale.

Alikibakiza kidole juu ya kioo.

"Basi ni hapa," akasema, "mbuzi wangu walipogeuka."